Irekebishwe Kwanza

Kwetu nyumba haiuzwi kwa kupigiana simu. Kwetu hata kununua jiko jipya kuliitishiwa kikao. Baba yetu alikuwa katibu wa chama cha ushirika kwa miaka thelathini na moja, na hata akirudi jioni hakujua kuacha. Kazi akaihamishia nyumbani. Nikiwa na miaka tisa nilivunja bakuli la mama, lile la maua, na shauri langu likasikilizwa sebuleni Jumapili saa tisa alasiri. Lilikuwa ajenda namba tatu, baada ya kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita na kabla ya mengineyo. Niliruhusiwa kujitetea. Nikasema ni paka. Ikaandikwa: "Mjumbe amesema ni paka." Hatukuwa na paka.

Wazazi walipoondoka, mama akitangulia na baba akimfuata baada ya mwaka na ushee, sisi watatu tuliobaki tukaendelea na utaratibu uleule, maana hatukuwa tumefundishwa namna nyingine ya kuzungumza. Kaka yetu mkubwa, dereva wa malori ya masafa marefu, ni mwenyekiti. Mdogo wetu wa mwisho, mwenye saluni ya viti sita na kioo cha ukuta mzima, ni mjumbe, tena mjumbe mwenye kelele. Mimi wa katikati ni katibu. Nina mwandiko mzuri, na kazi yangu ni ukarani wa masijala: mwaka wa ishirini na sita huu napokea mafaili, nayapa namba, nayapanga. Najua faili linavyotembea. Najua zaidi linavyolazwa.

Kikao cha kwanza kuhusu nyumba, kaka alikifungua akiwa amelala chali kwenye sakafu ya sebule. Ndivyo anavyokaa akitoka safari. Mgongo wake ulishakataa viti. Akaongea akitazama dari. Alisema ana miaka sitini na moja, daktari amemwambia aachane na usukani kabla usukani haujaachana naye, na fungu lake la nyumba hii lingetosha kumshusha kwenye lori na kumfungulia duka la vipuri, akae kivulini auze fani belti kama binadamu. Mdogo wetu akasema yeye atakubaliana na wengi, ila kuna chumba kinapangishwa karibu na saluni yake na angependa kupanua. Halafu wote wawili wakanitazama mimi.

Hapa lazima nijieleze. Katika ile nyumba anayekaa ni mimi. Nilirudi miaka kumi na minne iliyopita, ndoa yangu ilipokwisha, na begi moja na cherehani, nikawaambia wazazi nimekuja kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo nilimuuguza mama, kisha nikamuuguza baba, nikawafunga macho wote wawili. Najua koki ipi inahitaji kitambaa na swichi ipi inahitaji fimbo ya ufagio. Asubuhi nakunywa chai kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo siwi karani wa mtu.

Nikasema, "Mimi sina neno."

Nieleweke. Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa kubwa kama kabati, likanikwama kooni. Ningesema nini? Kwamba mwanaume wa watu auvunje mgongo wake barabarani ili mimi niendelee kunywa chai mahali pamoja? Halafu nina kiburi, sikatai. Mwanamke aliyerudi kwao na begi moja huwa haombi mara ya pili. Anangoja aulizwe. Hawakuniuliza, ikaandikwa kwamba katibu hana pingamizi. Niliandika mwenyewe.

Lakini sikuwa nimezaliwa jana. Mjadala ulipofika kwenye swali la pili, tuiuze ilivyo au tuikarabati kwanza, nilihisi damu ikirudi mwilini. Kaka alitaka iuzwe ilivyo, na mapema. Mdogo wetu alitaka ipakwe rangi. "Mteja ananunua kwa macho," alisema, na aliyasema hayo kwa uzoefu, maana kichwani kwake siku hiyo kulikuwa na nywele za watu watatu.

"Hapana," nikasema. "Irekebishwe kwanza. Yote."

Kaka akageuza shingo sakafuni. "Yote nini?"

Nikawasomea. Paa linavuja sehemu mbili, moja juu ya korido. Dari ya chumba cha baba ina doa lenye umbo la bata. Mlango wa bafu haufungi mpaka uunyanyue kwa mguu. Lipu ya ukuta wa nyuma inabanduka. Nilikuwa na orodha ya kasoro arobaini na tatu, na kila moja nilikuwa nimeipa namba. Nikawaambia mnunuzi akiona kasoro moja anakata bei ya kumi, kwa hiyo anayeipenda familia hii ataimaliza orodha kabla hajamfungulia mtu geti. Niliongea kwa uchungu kweli. Mdogo wetu machozi yakamlengalenga.

"Dada, kumbe unajali hivi," akasema.

"Nyumba ya wazazi," nikajibu, nikitazama daftari.

Kaka alipumua kwa nguvu, akakubali. Alisema mimi ndiye ninayeijua nyumba, kwa hiyo nisimamie. Sijawahi kukabidhiwa faili kwa urahisi namna ile.

Sasa, baba alituachia kanuni ambayo wanawe tunaijua kuliko namba zetu za simu: lililoamuliwa halitekelezwi mpaka kumbukumbu zake zithibitishwe kwenye kikao kinachofuata, na kikao si kikao mpaka wote watatu wawepo. Kaka anakaa barabarani wiki tatu, nyumbani siku nne. Piga hesabu mwenyewe. Kuamua kwamba paa linavuja kulichukua mwezi. Kuthibitisha kwamba tuliamua kuwa paa linavuja, mwezi wa pili. Katikati hapo mvua zikanyesha, na ndoo tatu zikakaa koridoni zikingoja akidi itimie.

Rangi ya sebule ilikula vikao vitatu. Mdogo wetu alitaka rangi ya maziwa, kwa sababu haimkwazi mtu. Mimi nikaitetea kijani hafifu, ile ya njegere. Kila alipokaribia kunikubalia, nilianza kumwonea huruma na kusema labda na maziwa nayo tuitazame upya. Kaka akiwa chini kule akafumba macho.

"Mimi naona dari tu," alisema. "Dari ipakwe nyeupe. Mengine malizaneni."

Ikaandikwa.

Kulikuwa na dalali pia, bwana mmoja wa viatu vilivyochongoka na simu mbili, aliyekuja kuitathmini nyumba mwezi wa tatu. Alizunguka dakika saba, akagonga ukuta mmoja kwa kifundo cha kidole, akaniambia nisijisumbue, maana watu siku hizi wananunua kiwanja, nyumba wanaiona ni kifusi kilichosimama. Nilimtazama mpaka akasahau alichotaka kusema baada ya hapo. Kwenye kikao sikuyataja maneno yake. Nilisema tu kwamba mtaalamu amefika na ushauri wake unafanyiwa kazi.

Mwezi wa tano mbinu za vikao zilianza kuniishia. Mdogo wetu akaanza kuuliza mbona hakuna hata tofali lililoguswa. Nikaona ni heri kazi ianze, mradi nimchague fundi mwenyewe. Na fundi wa kuchagua nilikuwa naye.

Mtaa mzima unamwita Fundi Kesho. Choo cha majirani zetu wa upande wa pili alikianza mtoto wao akiwa chekechea, akakikabidhi mtoto akiwa anaota ndevu. Ukimpigia yuko njiani. Ukimfuata kwake ametoka sasa hivi. Mdogo wetu aliposikia jina alitaka kuzimia.

"Dada! Yule?"

"Mikono yake safi," nikasema, na hilo lilikuwa kweli. Hakuna aliyewahi kuilaumu kazi ya Fundi Kesho, kwa sababu wengi walikuwa bado hawajaiona. Nikampigia kura mimi, kaka akanifuata kwa uchovu, ikapita.

Siku ya kwanza alikuja saa tano badala ya saa moja, akaniahidi mambo mengi, akapokea simu nne, akaondoka na baiskeli yake kwenda kumalizia kitu mahali. Moyo wangu ukatulia. Nikamwekea chai iliyopoa ndani ya chupa na nikahesabu kwamba kwa mwendo ule tutafika namba kumi ya orodha nikiwa na pensheni.

Siku ya tatu simu yake ikatumbukia kwenye ndoo ya chokaa.

Aliitoa, akaifuta kwa fulana, akaitikisa. Haikuwaka. Kesho yake akafika saa moja kasorobo. Keshokutwa vilevile. Nilidhani ni bahati mbaya ya wiki moja. Siku ya sita akaniita, akiwa juu ya ngazi, uso umemng'aa.

"Mama, sijui ni dawa gani hii," alisema. "Siku tatu hakuna mtu aliyenitukana. Nashika mwiko, namaliza ukuta. Yaani ukuta mzima! Nilikuwa sijui kwamba mimi ni mtu wa haraka."

Nikamshauri anunue simu nyingine, watu wanamtafuta. Akacheka, akasema wamtafute. Nikajitolea kumkopesha ya kwangu ya zamani. Akanishukuru sana na akakataa.

Paa alilimaliza siku tisa. Lipu, siku tano. Nilimwambia apumzike, akasema hajachoka. Nilimwambia kesho asije, akaja. Nilikuwa nimewahi kulaza mafaili ya watu wazito, yenye mihuri miwili, na sasa nikashindwa na mzee wa baiskeli aliyeonja utulivu.

Ikabidi nimbunie kazi. Kila aliponiletea orodha nikate mstari, nilimwongezea kitu kidogo cha kumchelewesha. Rafu za jikoni nikasema zishushwe, ziwe usawa ambao mtu wa kimo changu anafikia bila kupanda ndoo. Alizishusha. Dirisha la jikoni nikasema lipanuliwe ili mwanga uangukie pale penye kukatia mboga. Akalipanua, akaweka na kizingiti kipana cha kuegemeza viwiko, kwa hiari yake. Chumba cha mama nikakitakia meza ya kujengea ukutani chini ya dirisha, ya cherehani. Nilidai pembe zake ziviringwe. Nilidai msasa mara tatu. Ngazi ya nyuma ilikuwa na jiwe linalocheza. Nilikaa pale nikamwonyesha hasa linapocheza ukiwa umekalia upande wa kushoto na kikombe mkono wa kulia.

Mlango wa bafu, ule wa kunyanyua kwa mguu, ulikuwa namba thelathini na nane. Aliutengeneza nikiwa kazini. Niliporudi nikausukuma kwa kidole kimoja, ukajifunga wenyewe, polepole, bila hata kugonga. Siku ile niliingia bafuni mara nne bila haja yoyote.

Wala sikuona ninachofanya. Mtu niliyejidai mjanja! Nilikuwa nimeingia vitani nyumba isiuzwe, na kwa mikono ya Fundi Kesho nikaifanya nyumba ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeigombea. Kikao cha kumi, mwezi wa kumi na tatu tangu tuanze, nilisoma orodha na kila mstari ulikuwa umekatwa. Nilijaribu kuibua namba arobaini na nne, nikasema geti linalia likifunguliwa. Kaka alinyoosha mkono kutoka sakafuni.

"Katibu," alisema taratibu, "geti nimelitia grisi asubuhi."

Sauti yake haikuwa na ubaya. Alikuwa amekonda. Safari ile ya mwisho alishushwa kwenye lori na utingo wake, akishikwa huku na huku, na hilo hakulisema yeye, alilisema wifi kwenye simu. Nililijua. Sitaki nijifanye kwamba sikulijua. Nilikaa na neno langu kooni na mwenzangu akakaa na mgongo wake sakafuni, na tukathibitisha kumbukumbu.

Mnunuzi akaja Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, akiongozwa na yule dalali wa viatu vya kuchongoka. Alikuwa mkunga anayekaribia kustaafu, mama mnene wa viatu vyeupe visivyo na kelele. Kaka alikuwa amejikaza kusimama, ameegemea ukuta. Mdogo wetu alikuwa ameleta maua na kuyapanga kwenye sebule ya kijani, akieleza kwamba rangi ile ilikuwa wazo lake.

Yule mkunga hakuwa mtu wa kugonga kuta. Alipita chumba baada ya chumba akigusa vitu kwa kiganja, kama anavyogusa tumbo la mtu. Akaufunga mlango wa bafu kwa kidole, akatabasamu. Kwenye chumba cha mama akakaa mbele ya meza ya cherehani na kupitisha dole gumba kwenye pembe iliyoviringwa. Jikoni akasimama muda mrefu. Akaweka viwiko kwenye kizingiti cha dirisha na kuangalia nje. Nilitaka kumwambia atoe viwiko vyake mahali pa vyangu.

"Naichukua," akasema. "Bei kama mlivyosema, sibishani."

Dalali akafumba macho kama anayesali. Mdogo wetu akapiga kofi moja dogo. Kaka nilimwona mabega yakishuka, yote mawili, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mkunga akageuka, akanitazama mimi, si wengine. "Hii nyumba haijapambwa ya kuuzwa," alisema. "Imetengenezwa na mtu anayekaa. Ni wewe, sivyo? Na wewe sasa unahamia wapi?"

Lilikuwa swali la kawaida. Mtu yeyote anayenunua nyumba huuliza.

"Anakuja kwangu," kaka akasema.

"Anakuja kwangu," mdogo wetu akasema, papo hapo.

Wakatazamana. "Kwako wapi?" mdogo wetu akauliza. "Mimi nimeshanunua kitanda. Chumba cha nyuma nimeweka na pazia."

"Wifi yake ametoa mashine za kusaga kwenye kile chumba tangu mwezi wa pili," kaka akasema. "Kimepigwa hadi deki. Nilijua inaeleweka."

"Inaeleweka na nani?"

Mimi nilisimama kati yao nikihesabu kichwani. Vikao kumi na kimoja ukiweka na cha siku ile. Kasoro arobaini na tatu. Tulijadili aina ya bawaba. Tulijadili kama koki ya uani ifunguke kulia au kushoto. Na humo mote hamkuwa na mstari mmoja unaouliza mtu aliye ndani ya nyumba atakwenda wapi.

"Sihami," nikasema.

Ilitoka ndogo, nikadhani hawakusikia. Nikairudia, na mara ya pili nikajikuta napiga kelele na nalia, mwanamke wa miaka hamsini na nne, mbele ya dalali. "Sihami! Ni kwangu hapa. Sitaki kitanda cha mtu wala chumba cha mashine. Naipenda hii nyumba, sikutaka iuzwe tangu siku ya kwanza, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza!"

Mkunga alishika mkoba wake. Alikuwa amezoea vyumba ambamo watu wanapiga kelele, nadhani, kwa hiyo hakushtuka. Alinigusa mkono, akasema atangoja kusikia kutoka kwetu, akamtoa dalali nje kwa kumsukuma kidogo mgongoni.

Mdogo wetu ndiye aliyelipuka. "Hatukukuuliza? Dada, ulisema huna neno! Nimekaa hapa mwaka mzima nabishana na wewe njegere na maziwa! Nimeacha wateja na nywele nusu kichwa nikimbilie akidi!"

"Mngeniuliza!"

"Lini?"

"Wakati wowote! Mngeweka kwenye ajenda!"

Kaka alikuwa bado ameegemea ukuta, rangi mpya ya jikoni ikimwachia vumbi jeupe kwenye bega.

"Mdogo wangu," akasema, "ajenda nani anaandika?"

Naandika mimi. Ningeweza kuiandika siku yoyote, mstari mmoja, kabla ya mengineyo. Nilikuwa nimewakasirikia miezi kumi na mitatu kwa kutouliza swali ambalo kalamu yake ilikuwa mkononi mwangu.

Kaka akafikiri. Haikuchukua muda, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilikuwa nimejenga vita vya mwaka mzima, na yeye akalimaliza jambo kwa muda wa mtu anayechagua upande wa kukata kona.

"Basi haiuzwi," akasema.

"Kaka," mdogo wetu akaanza.

"Haiuzwi. Mtu hafukuzwi kwao." Akachukua simu mfukoni na kuelekea mlango wa nyuma, akishika kwanza meza, kisha fremu ya mlango.

"Na mgongo?" nikamuuliza.

"Mgongo ni wangu."

Alisimama kwenye ngazi, kwenye lile jiwe ambalo halichezi tena. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na kwa upana niliolitakia mwenyewe ningelisikia hata panzi. Nilimsikia akimwomba radhi dalali. Nilimsikia akinyamaza, huyo mwingine akimwaga yake kwa sauti ya juu. Kisha akasema, "Hapana, hapana. Dada hana shida, usimseme. Alikuwa na uchungu tu wa wazazi. Wadogo zangu wote wawili walikubali. Ni mimi. Nimebadili mawazo, bado nina nguvu, lori naliweza. Mwambie yule mama ni mimi niliyemvunjia ahadi."

Mdogo wetu naye alisikia. Alinitazama, akaanza kukusanya maua yake sebuleni moja moja.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nyumba yote, kutoka bati hadi kizingiti, na sahihi ya mtu haihitajiki. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku niliyorudi na begi. Nilitaka nimkimbilie nimwambie amwite yule mkunga, arudi, achukue, na miguu haikutoka pale jikoni. Nilisubiri itoke. Nasema ukweli, nilisimama nikasubiri, na kadiri nilivyosubiri ndivyo nilivyojua kwamba haitatoka.

Kaka akarudi ndani. Akashuka sakafuni kwa hatua zake tatu, goti, mkono, ubavu, akalala chali na kutazama dari nyeupe.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Tisa na nusu."

"Saa kumi na moja tunapakia. Siku kumi kwenda, siku kumi kurudi." Akafumba macho. "Nipitiwe kidogo. Usiniache nikachelewa, tajiri mwenye lori ataliwasha na mtu mwingine."

Nilikaa chini karibu naye, mgongo ukutani. Alilala mdomo wazi, mikono kifuani, na usingizini usukani ulikuwa bado haujamwachia. Vidole vilikuwa vinajikunja vikishika kitu. Mdogo wetu aliondoka bila kuaga kwa sauti. Nyumba ilikuwa kimya, haina tone, haina mlango unaogonga. Nikamtazama zaidi ya saa nzima.

Ilipofika saa kumi na dakika arobaini, nikamwamsha.